Bajeti ya Mtu Mmoja

"Miaka miwili si mchezo, mwanangu. Utaweza kweli kumsubiri?"

Mama Yasue aliniuliza hivyo huku ananifungia mwani mkavu wa supu, kama mtu anayeulizia mvua. Nikacheka. Mama Yasue na utani ni chanda na pete, na hapa kwetu Sakai mtu asiyekutania ndiye wa kumwogopa.

"Nimsubiri nani, mama?"

"Takuro wako. Kuna mwingine mtaani hapa anayekwenda Afrika kwa baiskeli?"

Kabla sijajibu akainama chini ya meza, akatoa bahasha nyeupe iliyofungwa uzi mwekundu na mweupe. Bahasha ya kuagia. Akaniambia nimfikishie, na nimwambie yeye hataki zawadi nzito, kitambaa tu kinatosha. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikashukuru. Ndivyo tulivyolelewa sisi, hata ukichomwa kisu unasema asante kwanza, kulia utalia kwenu.

Nje ya duka nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mzuri, kila la heri katika safari, na chini yake jina moja. La Takuro. Langu halikuwepo.

Sasa sikilizeni muelewe kwa nini jina hilo moja lilinishtua. Mimi naitwa Chizuru. Nina miaka thelathini na tatu, na tisa kati ya hiyo nimeimaliza kwenye karakana ya mzee Nishide nikisuka magurudumu ya baiskeli, spoku baada ya spoku. Takuro ni mchumba wangu. Kwa miaka mitatu mimi na yeye tulikuwa na jambo moja tu la kuzungumza: safari. Meli kutoka Osaka mpaka Shanghai, halafu magharibi, magharibi, magharibi, mpaka Istanbul. Miezi kumi na minne. Sisi wawili.

Bajeti niliitengeneza mimi. Viza, bima, tairi za akiba, dawa za tumbo, chakula cha siku, nauli ya meli za njiani, mpaka bei ya kunyoa nywele Tashkent niliitafuta. Nilipima kila kitu kwa mizani ya jikoni. Tulikata hata mipini ya miswaki ili kupunguza gramu nne. Mama zetu walituona vichaa. Kila nilipofanya badiliko niliandika toleo jipya, na wiki hiyo tulikuwa toleo la arobaini na moja.

Kazini nilikuwa nimeshaaga. Mzee Nishide alishapata mtu wa kukaa kwenye kiti changu. Chumba chetu tulishatoa notisi, mwisho wa mwezi tukabidhi funguo. Yaani safari ikivunjika, mimi sikuwa na kazi, sikuwa na nyumba, sikuwa na pa kuweka kichwa.

Na jambo moja tuliapa: hatuchukui bahasha ya mtu. Ukipokea bahasha ya kuagia, lazima urudi na zawadi ya aliyekupa, na zawadi ishirini kwenye baiskeli ni mzigo wa punda. Takuro mwenyewe ndiye aliyeapa kwa sauti.

Nikamtumia ujumbe. Alikuwa milimani kwenye mazoezi, Jumamosi hiyo.

"Mama Yasue ametoa bahasha. Ina jina lako peke yako."

Jibu lilikuja baada ya dakika tatu.

"Ahaa, asante. Weka kwenye droo ya soksi na zile nyingine."

Na zile nyingine. Huyu mwanaume alikuwa amechoka na mlima, akili haikuwa naye, akajifungulia mlango mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikavuta droo. Chini ya soksi za baiskeli nilikuta bahasha kumi na nane, zimepangwa vizuri kama samaki kwenye kopo. Ya Mama Yasue ikawa ya kumi na tisa. Muuza mchele, kinyozi, daktari wa meno, mpaka mzee wa duka la majeneza alitoa. Zote jina moja.

Nikafungua kompyuta. Toleo la arobaini na moja lilikuwepo, langu. Chini yake kulikuwa na toleo la arobaini na mbili, ambalo mimi sikuliandika.

Idadi ya wasafiri: mmoja. Mwisho wa safari: Cape Town. Kitanda cha meli: kimoja, kulipia Jumatatu baada ya sherehe. Hema la watu wawili limefutwa, limewekwa la mtu mmoja, gramu mia tisa na themanini. Nilisoma kila mstari taratibu, maana ilikuwa kazi yangu, na Mungu anisamehe, ilikuwa imefanywa vizuri. Halafu nikafika kwenye sehemu ya kubana matumizi. Kulikuwa na mistari miwili.

"Mtu wa kumhudumia mama: hahitajiki."

"Chizuru, nyumba ya mama: yen 0."

Nikakaa chini. Niliingizwa kwenye bajeti kama kitu kilichopatikana bure.

Takuro aliingia saa saba mchana, amelowa jasho, anacheka, amebeba mfuko wa tambi za kukaanga kwa ajili yetu wawili. Akakuta bahasha kumi na tisa nimezipanga mezani na kompyuta iko wazi katikati. Kicheko kikamkauka.

"Chizu, nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Nikiwa nakupungia mkono bandarini?"

"Baada ya sherehe ya kesho. Nilikuwa natafuta maneno."

"Umeyapata mbona. Mstari wa hamsini na sita. Nisomee."

"Usifanye hivyo."

"Nisomee, Takuro. Una sauti nzuri."

Hakusoma. Akavua kofia ya baiskeli, akaishika kama sahani. Akaanza kuniambia mambo ya hesabu, na hapo ndipo alipozidi kuniudhi, maana hesabu zilikuwa sahihi. Tulikuwa na milioni tatu na laki sita. Mbili na laki mbili zangu, moja na laki nne zake, maana mimi silipi kahawa ya nje. Kwa wawili pesa hiyo inaishia Istanbul. Kwa mmoja inatosha milioni mbili na laki nne mpaka ncha ya Afrika, na chenji inabaki.

"Inabaki laki kumi na mbili," akasema. "Ya harusi yetu nikirudi. Nilikufikiria."

"Ulinifikiria."

"Nimeota Cape Town tangu niko darasa la sita. Unajua."

"Sikujua. Miaka mitatu tunakula meza moja, wewe unasema Istanbul, Istanbul. Kumbe moyoni unasema nyingine."

"Wewe unakwenda kilomita sitini kwa siku, Chizu. Mimi naweza mia. Ukipiga kwa miezi kumi na minne..."

"Magurudumu yanayokwenda hizo mia nani kasuka?"

Akaigeuza ile kofia mikononi.

"Nimekuuliza. Nani kasuka?"

"Wewe."

"Spoku thelathini na sita mbele, thelathini na sita nyuma. Ningetaka, ningelegeza tatu tu upande wa mnyororo, usingegundua. Ungeanguka chali jangwani huko, ukala mchanga, na kila mtu angesema ni barabara mbaya."

Akatazama baiskeli yake mlangoni. Aliitazama kwa hofu, na mimi ilinifurahisha, sitawadanganya.

"Usiogope," nikamwambia. "Gurudumu langu halimdhuru mtu. Hata mbwa."

Nikamuuliza kuhusu mama yake. Nyumba ya mama yake nilikuwa nimeingia mara nne tu katika miaka mitatu, na mara zote nilitoka nimevimba. Mama Setsuyo alikuwa mjane, mwenye duka la visu lililofungwa, na ulimi wake ulikuwa bado uko sokoni. Siku ya kwanza alivyoniona alitazama viganja vyangu akamuuliza mwanawe kama anaoa mke au anaoa karakana.

"Ni yeye aliyetaka," Takuro akasema haraka. "Kasema bila wewe kukaa naye haniruhusu kuondoka. Mimi ningefanyaje? Ni mama yangu, mimi ni mtoto wa kwanza. Unajua mila."

"Kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Ila usimuulize, Chizu. Utamwaibisha. Ana moyo dhaifu siku hizi."

Alipotamka moyo dhaifu nilimwamini kidogo. Nikala hata zile tambi, nikiwa nimenuna, upande wangu wa meza. Sikulala vizuri. Nilijiona mpumbavu, na zaidi ya yote nilijiona nampenda bado, jambo ambalo lilinitia hasira kuliko uongo wote. Miaka mitatu ya kupima miswaki pamoja, jamani. Hiyo haitoki kwa usiku mmoja.

Asubuhi nikaamua. Nitakwenda kwa mama yake nikamwambie usoni: mimi si mtumishi wako. Aibu itambeba itakayembeba.

Mama Setsuyo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya duka lake la zamani, ananoa kisu cha samaki kwenye jiwe lenye maji. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kupima chumba?"

"Nimekuja kuzungumza, mama."

"Chumba kiko juu. Nimekitoa vitu mwenyewe. Mawe ya kunolea ya marehemu mume wangu, ya miaka arobaini, nimeyatoa nje ili nguo zako zikae. Kama ni kidogo, pole."

Sauti yake ilikuwa baridi kama lile jiwe.

"Mama, mimi sikukuomba utoe mawe ya mtu."

"Sikuomba, anasema. Mwezi mzima nimekaa hapa nakusubiri uje uombe kwa mdomo wako, upige magoti kama mtu aliyelelewa. Hujatokea. Nikasema sawa, wasichana wa siku hizi wanatuma wanaume kuwaombea hifadhi."

"Nani ameomba hifadhi?"

Kisu kikasimama kwenye jiwe.

"Wewe," akasema. "Unaogopa kulala peke yako. Kodi ya chumba huwezi. Umemlilia Takuro aniambie nikuchukue."

"Mimi nimeambiwa wewe ndiye umenitaka. Moyo wako dhaifu. Bila mimi kukuhudumia humruhusu kuondoka."

Akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Macho yake ni ya Takuro kabisa, ila haya yanakutazama.

"Moyo wangu," akasema, "unapanda ngazi mia mbili za hekalu kila asubuhi. Nikutake wewe unifanyie nini? Unitie hewa?"

Sikujizuia, nikacheka. Hakucheka. Tukabaki tunatazamana, sisi wawili tusiopendana, na uongo wa mwanaume mmoja umelala katikati yetu kama samaki aliyekwisha kupasuliwa. Alikuwa ametumia adabu yetu. Alijua mama yake hatanipigia simu kuuliza, kwa sababu mkubwa haulizi. Alijua mimi sitamuuliza mama yake, kwa sababu mkwe haulizi. Majirani nao hawaulizi, wanatoa bahasha. Kila mtu alivyojiheshimu, yeye alipata njia.

Mama Setsuyo akafuta kisu, akakifunga kwa kitambaa. Akaniuliza nimebakiwa na nini. Nikamwambia kweli: kazi sina, chumba nakitoa wiki ijayo, harusi hata sijui.

"Baiskeli unayo?"

"Ninayo."

"Pesa yako wewe, si yake."

"Milioni mbili na laki mbili."

"Na safari ya mtu mmoja ni kiasi gani?"

"Mbili na laki nne. Mpaka Cape Town."

"Nani kapiga?"

"Mwanao."

"Basi ni sahihi. Huyo hesabu hajawahi kukosea tangu shule. Alikosea vingine."

Akapanda ngazi, haraka kweli kwa mgonjwa wa moyo. Aliporudi alikuwa na bahasha nene, yenye uzi mwekundu na mweupe, jina la Takuro mbele kwa mwandiko wake mkubwa. Akatoa karatasi ya juu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akachukua brashi na karatasi nyingine safi. Akaniuliza jina langu linaandikwaje. Miaka mitatu, hakuwa amejua. Nikamwonyesha kwa kidole hewani, akaandika taratibu.

"Laki mbili," akasema. "Sikupi kwa kukupenda."

"Najua."

"Bado naona huna adabu."

"Na mimi bado naona una mdomo mchafu."

"Ukirudi niletee zawadi. Isiwe nzito."

Nilitoka pale sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nilikaa kwenye benchi la kituo cha treni nikalia mpaka mama mmoja akanipa karatasi za kufutia machozi. Nililia kwa sababu nilikuwa na pesa kamili, na nilikuwa na njia, na nisingekuwa naye. Istanbul niliyokuwa naiota ilikuwa na watu wawili.

Sherehe ilikuwa saa sita mchana siku hiyohiyo, kwenye mkahawa wa chapati za kabichi katikati ya mtaa wa maduka. Watu zaidi ya ishirini. Mafuta yanachuruzika kwenye sahani za chuma, bia zimefunguliwa, mtaani wamemchorea bango: Takuro, Mtu wa Mabara Matatu. Yeye amevaa jezi mpya. Aliponiona nimeingia na mfuko akanijia mbio, akaninong'oneza.

"Umekwenda kwa mama?"

"Nimekwenda."

"Chizu, tafadhali. Si hapa. Watu wote hawa."

"Kaa, Takuro. Chakula kinaungua."

Kwetu, anayeagwa akishasema yake, mzazi husimama kuwashukuru waliotoa bahasha. Takuro akasema yake. Sauti ilimtetemeka, watu wakadhani ni uchungu wa kuagana, wakapiga makofi. Halafu mama Setsuyo akasimama. Nikamsogezea sinia, kama tulivyopatana asubuhi, na kwenye sinia bahasha kumi na tisa.

"Majirani," akasema, "nawashukuru. Mmempa mwanangu vya kumuaga. Tatizo ni kwamba haendi popote."

Chapati ya mtu ikaanza kunukia moshi.

"Mwanangu aliwaambia huyu binti amekubali kubaki anitunze uzeeni. Mimi aliniambia binti kaomba hifadhi. Binti naye akaambiwa mimi nimemtaka kwa nguvu. Sote, nyinyi, mimi na binti, tumedanganywa na mtu mmoja, kwa bahati mbaya nimemzaa mimi. Mzigo wa zawadi zenu hatauweza. Naomba mzichukue."

Takuro alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Mama, unaniaibisha."

"Ulijiaibisha mwenyewe. Mimi nasoma tu."

Akaanza kuita majina, mmojammoja, kwa heshima zote, na kila aliyeitwa alikuja na kuinama na kupokea bahasha yake. Hakuna aliyemtazama Takuro. Kwetu ukitazamwa kwa hasira bado una nafasi. Usipotazamwa umekwisha. Nilimwonea huruma, wallahi nilimwonea. Nilitaka kumfuta mchuzi uliomdondokea kwenye jezi.

Alipofika kwa Mama Yasue, Mama Yasue akagoma.

"Mimi bahasha yangu nilimpa anayeondoka," akasema. "Nani anaondoka?"

Mama Setsuyo akanitazama. Wote wakanitazama.

"Mimi," nikasema. "Ijumaa."

"Basi nipeni kalamu."

Akakata jina la Takuro kwa mstari mmoja, akaandika langu pembeni, mwandiko wa haraka haraka kama anaandika bei ya mwani. Kinyozi akaomba kalamu. Halafu muuza mchele. Nikapiga kelele kwamba sitaki, kwamba zawadi ni kilo, kwamba tuliapa. Mama Yasue akaniambia Takuro ndiye aliyeapa, na kiapo cha Takuro tumeshaona uzito wake.

Nikatoa karatasi kwenye mfuko nikamwekea Takuro mbele yake. Toleo la arobaini na tatu. Nililichapa asubuhi ileile dukani karibu na kituo, macho bado yamevimba.

"Pesa yangu naondoka nayo. Yako iko benki, milioni moja na laki nne, sijagusa hata yen," nikamwambia. "Hii ni bajeti. Soma mstari wa hamsini na sita."

"Chizu."

"Jana ulikataa. Leo soma."

Akasoma kimya, midomo ikitembea. Mama yake akamwambia asome kwa sauti, yeye miwani kaiacha nyumbani. Akasoma.

"Takuro, nyumba ya mama: yen sifuri."

"Nani kasema sifuri?" mama Setsuyo akauliza. "Chumba kile nina wapangaji wanakitaka. Atalipa elfu arobaini kwa mwezi, na mawe ya baba yake atayarudisha ndani mwenyewe."

Mkahawa mzima ukapasuka kwa kicheko. Hata mpishi. Takuro hakucheka, na mimi sikucheka.

Siku zilizofuata alinitumia ujumbe arobaini na kitu. Nitawasomea mitatu tu. "Nilikosea." "Nilikuwa naogopa ukija nitakuwa natunza mtu badala ya kusafiri." Na wa Alhamisi: "Nimegundua kwamba sijui hata kuweka viraka. Kila mara uliweka wewe." Sikujibu hata mmoja. Nilikuwa napima mizigo, peke yangu, mizani ya jikoni sakafuni katikati ya chumba kitupu. Kila kilichokuwa cha wawili nilikigawa. Sufuria kubwa nikaiacha. Mswaki wake uliokatwa mpini nikaukuta bafuni. Niliuweka kwenye mizani bila kujua kwa nini, halafu nikautupa.

Ijumaa nilifika bandarini mapema. Mama Setsuyo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba magotini. Hakusema kitu cha maana. Alinipa kisu kidogo cha kukunja, kimenolewa mpaka kinaogopesha, akasema gramu sitini na mbili, amekipima. Nikamwambia asante. Akaniambia niache kuinamainama kama jogoo, meli itaniacha.

Ndipo Takuro akaja. Alikuwa amepakia baiskeli yake kamili, mifuko ya pembeni, hema, kila kitu. Amekonda kwa siku tano.

"Niruhusu nije," akasema. "Istanbul tu. Kwa mwendo wako. Kilomita sitini, hata arobaini. Nitalipia mwenyewe."

"Takuro."

"Nakupenda, Chizu. Nilikuwa mjinga lakini nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Hilo si tatizo."

"Tatizo ni nini sasa?"

"Nilikupanga kwenye kila mstari kwa miaka mitatu. Wewe ulinipanga mara moja, ukaniweka sifuri. Sasa nimezoea hesabu yako."

"Tutengeneze nyingine. Toleo la arobaini na nne. Mimi na wewe."

"Bajeti ni ya mtu mmoja," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mmoja anafika."

Nikamwambia meli nyingine ipo wiki ijayo, dunia ni pana, sina uwezo wa kumfungia. Ila hii ya leo nimeshapanda mimi.

Nilipoanza kusukuma baiskeli yangu kuelekea kwenye ngazi ya meli, naye akasukuma yake hatua mbili kunifuata, na jicho langu likaenda penyewe kwenye gurudumu lake la mbele. Lilikuwa linayumba. Kidogo sana, nusu milimita labda, spoku mbili zimelegea kwa kupandishwa ngazi za nyumba ya mama yake. Mtu mwingine asingeona. Ufunguo wa spoku ulikuwa mfukoni mwangu, na mkono ulikuwa umeshaushika.

"Kuna nini?" akauliza.

Miaka mitatu nilikuwa napiga magoti pale palipoyumba kabla yeye hajajua kwamba pameyumba. Nikautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Gurudumu lako la mbele," nikamwambia. "Litazame."

Nikapanda. Nilipofika juu nikageuka mara moja tu. Alikuwa amechuchumaa palepale sakafuni, anazungusha gurudumu kwa kidole na kulitazama, na mama yake amesimama nyuma yake anamwambia kitu.